Laini Kumi na Tano: Vifaa vya Kompyuta Vilivyogombea Kichakataji

Ukatizaji ni ishara ambayo kifaa hutuma kwa kichakataji ili kiache kazi kwa muda na kukihudumia. Bila ishara hiyo, kichakataji kingelazimika kupita kwa kila kifaa kuuliza kama kina jambo. DYSEAC, mashine ya Marekani ya mwaka 1954, ni miongoni mwa za kwanza kuvipa vifaa uwezo huo.

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974, Rais akiwa Mwalimu Nyerere, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilipolegezwa, zilizoenea maofisini zilikuwa za ukoo wa IBM PC, na hizo zilikuja na tatizo la ukatizaji.

PC ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu ya Intel 8259A yenye laini nane za ukatizaji. Mwaka 1984 IBM iliongeza chipu ya pili, ikaiunganisha kupitia laini ya 2 ya ile ya kwanza. Zikabaki laini 15, na nyingi tayari zilikuwa na wenyewe. Kadi mbili hazikuweza kutumia laini moja kwa uhakika, kwa kuwa chipu ilihesabu tu ishara inapopanda. Ya pili ikipanda wakati laini iko juu, ilipotea. Kipanya kwenye mlango wa COM1 na modemu kwenye COM3 vyote vilipangiwa laini ya 4, hivyo modemu ikipiga simu, kipanya kiliganda. Fundi alifungua kasha na kuhamisha vipachiko vidogo vya plastiki kwenye pini za kadi, akabahatisha namba nyingine.

Teknolojia ya PCI ya kuunganisha kadi, ya mwaka 1992, iliruhusu kushirikiana laini. Laini hubaki chini mpaka kila kifaa kilichoivuta kihudumiwe. Mfumo endeshi hufanya kama mpangaji anayesikia hodi kwenye mlango wa nje wa nyumba ya kupanga: huita viendeshi vyote vya laini hiyo, kimoja kimoja, kila kimoja kiseme kama mgeni ni wake. Vyote vikikana, mfumo endeshi wa Linux huvumilia mara nyingi ajabu: ikikosa majibu zaidi ya mara 99,900 katika 100,000, huifunga laini, na kadi ya mtandao isiyo na kosa huzimika pamoja na mkosaji.

Kompyuta zenye vichakataji kadhaa zilihitaji pia kuelekeza ishara. Chipu ya APIC ilichukua kazi hiyo, ikiamua ni kichakataji kipi kikatizwe. Baadaye mbinu ya MSI iliondoa haja ya waya: kifaa huandika namba kwenye anwani ya kumbukumbu, na toleo lake la MSI-X hukipa kifaa kimoja hadi namba 2,048. Ugomvi wa laini ukaisha kwa vifaa vipya.

Mtu wa Bunda au Musoma mwenye laptopu ya Linux akisoma faili la /proc/interrupts huona safu wima moja kwa kila kichakataji na mistari mingi ya MSI. Kwenye laptopu nyingi, mstari wa 1 bado ni wa kibodi na wa 8 ni wa saa, namba zilezile za mashine ya 1984.