Uwanja Wenye Lango na Uwanja Usio na Mwenyewe

 

Majuzi jioni nilikuwa nimekaa barazani kwa jirani yangu hapa Mkuyuni, tukitazama televisheni yake. Kilichoonyeshwa kilikuwa gofu, mashindano makubwa katika uwanja wa Riviera, jijini Los Angeles, Marekani. Jirani yangu ni mzee aliyestaafu kazi ya uvuvi, na tangu azaliwe hajapata kushika fimbo ya gofu. Alitazama kimya kwa muda, akaona yale majani mabichi yaliyotandazwa mithili ya zulia, kisha akaniuliza: "Mwalimu, shamba lote hilo, na hakuna hata ng'ombe mmoja?"

Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kulikoni. Lakini leo nataka niwaambie kwamba swali la mzee yule halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Majani yale yaliyokuwa yakikanyagwa na mabingwa wa dunia ni malisho ya ng'ombe, tena ni malisho ya kwetu. Huitwa nyasi za Kikuyu, kwa jina la watu wa nyanda za juu za Kenya, na huota zenyewe katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilipelekwa California ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Zilipofika huko zilifanya kama zinavyofanya kwetu: zilitambaa, zikavuka mipaka, zikaingia viwanjani bila kualikwa, na mwishowe wenye viwanja wakaona heri kuzitunza kuliko kupigana nazo. Katika uwanja huo wa Riviera ndipo Ben Hogan alipotwaa Ubingwa wa Wazi wa Marekani mwaka 1948, na ndipo palipopangwa kuchezwa gofu ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2028.

Nilipomweleza hayo mzee wangu, alitikisa kichwa akasema, "Kumbe na sisi tumo." Nikamjibu, "Nyasi zetu zimo, mzee wangu. Sisi wenyewe ni habari nyingine." Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia leo.

Mwezi wa Machi mwaka 2023 nilikwenda Nairobi kumtembelea mwanangu anayefanya kazi huko, naye akanipeleka Muthaiga kutazama Mashindano ya Wazi ya Kenya. Mashindano hayo yalianza mwaka 1967, miaka minne baada ya Uhuru wa Kenya, na mshindi wa kwanza alikuwa Mwingereza, Guy Wolstenholme. Mwaka 2019 yaliingizwa katika daraja la juu la mashindano ya Ulaya, na tangu hapo wachezaji wenye majina huja.

Mimi nilidhani uwanja wa gofu ni bustani tu. La hasha. Wakati wa ubingwa, uwanja ni mtihani, na kama ilivyo kwa mtihani wowote, kuna watu waliokaa usiku kuutunga. Njia ya katikati hufyekwa majani yakawa mafupi, mpira ukakaa juu yake kama yai juu ya kitambaa. Lakini kandokando majani huachwa yakue kwa makusudi. Na hapo ndipo nyasi za Kikuyu zinapoonyesha tabia yake. Ni nene, zimesukana, nazo huishika fimbo kama wavu unavyomshika sangara. Niliona mtu mwenye misuli akipiga kwa nguvu zake zote, na mpira ukasogea hatua chache tu.

Ukifika kwenye grini, yaani pale penye shimo, mambo yanageuka. Hapo majani hukatwa yakabaki milimita chache tu, na mpira huteleza kama juu ya sakafu iliyopakwa nta. Wasimamizi hawakisii kasi hiyo kwa macho, bali huipima kwa kifaa kilichobuniwa na Mmarekani Edward Stimpson mwaka 1935. Na lile shimo, ambalo upana wake ni milimita 108, halikai mahali pamoja. Kila siku alfajiri huzibwa na kuchimbwa jingine, leo nyuma ya mchanga, kesho ukingoni mwa mteremko. Mchezaji hulala akijua uwanja wa jana, huamka akakuta mwingine.

Tena Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mpira husafiri mbali zaidi kuliko pwani. Mgeni asiyezoea huupitisha mpira juu ya shabaha, akabaki kuitazama fimbo yake kana kwamba imemsaliti. Siku nne mfululizo hali ni hiyo, mashimo 18 kila siku, na baada ya siku ya pili walioshindwa kufikia kiwango hufungasha virago. Mwaka huo kikombe kilichukuliwa na Mhispania Jorge Campillo.

Nikiwa nimesimama kwenye kamba ya watazamaji, nilijikuta karibu na mzee mmoja aliyevaa koti la zamani na kofia. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akatabasamu kusikia Kiswahili cha Tanzania. Akanieleza kuwa alianza kubeba mifuko ya wachezaji tangu utotoni. Kila mpira ulipopigwa aliniambia utakakokwenda kabla haujatua, na hakukosea mara nyingi. Nilimuuliza kama yeye mwenyewe alipata kucheza. Akasema, "Jumatatu, mwanangu. Jumatatu wenyewe walipokuwa kazini."

Neno hilo, wasikilizaji wangu, limebeba historia nzima.

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika Kisumu, kwenye ziwa letu hili. Gofu ilikuja na watawala hao hao waliokuja na reli. Klabu ya Entebbe, ng'ambo ya ziwa, ilianzishwa mwaka huo wa 1901. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1935 Mfalme George wa Tano akairuhusu kujiita ya Kifalme. Huku kwetu Tanganyika, Waingereza walipokabidhiwa utawala baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walifanya vivyo hivyo, na hadi leo uwanja wa Gymkhana uko katikati ya jiji la Dar es Salaam, jirani na bahari.

Viwanja hivyo vilikuwa na lango, na lango lilikuwa na macho. Klabu ziligawanywa kwa rangi. Mwafrika aliingia, naam, lakini aliingia akiwa na fyekeo, au sinia la vinywaji, au mfuko wa fimbo begani. Jinja, karibu na pale mto Nile unapotoka ziwani, klabu ilikuwa na kanuni yake ya pekee: mpira ukitumbukia katika unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuuokota na kuuweka kando bila adhabu. Hebu fikirini. Kiboko alikumbukwa katika kanuni za gofu, lakini zama zile za ukoloni mtu aliyebeba mfuko hakuwa na nafasi katika daftari la wanachama.

Na msidhani kuwa jambo hili lilikuwa la Afrika tu. Mwaka 1978 Mashindano ya Wazi ya Kenya yalishindwa na kijana wa Kihispania, Severiano Ballesteros. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Mashindano ya Wazi ya Uingereza. Kijana huyo alizaliwa Pedreña, kijiji cha pwani, na utotoni alikuwa mbeba mfuko. Hakuruhusiwa kucheza apendavyo katika uwanja uliokuwa jirani na kwao. Alijifunza mchangani ufukweni, kwa fimbo moja, na usiku akinyemelea uwanjani kupiga mipira gizani. Yule mzee wa Muthaiga alikuwa na Jumatatu yake, Ballesteros alikuwa na usiku wake.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1998, ilikuwa zamu ya mwenyeji. Mkenya Jacob Okello alimaliza siku nne za Muthaiga akiwa sawa kwa mikwaju na Ricardo González wa Argentina. Ikabidi waongezewe mashimo ili apatikane mmoja, na González akashinda. Hadi siku ile niliyosimama kwenye kamba mwaka 2023, hakuna Mkenya aliyekuwa amepata kulitwaa taji hilo, na watu wa Nairobi bado wanaizungumzia siku ile ya Okello kama watu wanaozungumzia mvua iliyopita kando ya shamba lao. Lakini mimi naona funzo ndani yake. Nyasi hazikumuuliza Okello baba yake ni nani. Shimo lilikuwa na upana ule ule kwake na kwa mgeni. Uwanja wenyewe haubagui mtu. Kinachobagua ni lango.

Hapa mtanitarajia niseme kwamba malango yote yabomolewe. Ningesema hivyo ningekuwa kijana. Leo nasita, na sababu ya kusita kwangu iko hapa hapa Mkuyuni.

Wenyeji wa Mwanza mnajua jinsi ardhi tambarare ilivyo adimu kwetu. Mji wetu umejengwa juu ya mawe, na nyumba zimepanda vilima mpaka mtu hujiuliza maji hupandishwaje. Nilipohamia Mkuyuni palikuwa na kiwanja kimoja cha wazi, si mbali na nyumba yangu. Hakikuwa na majani mazuri. Kilikuwa na vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na magoli yake yalikuwa mawe mawili huku na mawe mawili kule. Lakini kila jioni watoto walicheza chandimu pale, wengine pekupeku, na kelele zao ndizo zilizotuambia kuwa saa kumi na moja imefika. Wanangu wote walijifunza mpira pale.

Kiwanja hicho hakipo tena. Kwanza alikuja mtu akaweka tofali, akasema anazihifadhi kwa muda. Kisha kibanda. Kisha msingi wa nyumba. Tulinung'unika barazani, tukasema "wahusika wataona". Hakuna aliyeandika barua, hata mimi niliyefundisha watoto kuandika barua kwa miaka mingi. Leo pana nyumba na ukuta wenye vioo juu, na watoto wanacheza barabarani, wakikimbia kando kila pikipiki inapopiga honi.

Tazameni basi kinaya hiki. Uwanja wa Entebbe, uliowekwa kwa ajili ya wachache, umepita miaka 100 na bado ni wa kijani. Uwanja wetu, uliokuwa wa watoto wote, haukudumu hata kizazi kimoja. Wa kwanza ulikuwa na lango, hati, na mtu anayeamka alfajiri kuutazama. Wa pili ulikuwa wa kila mtu, na cha kila mtu, kama tujuavyo, hakina mwenyewe.

Sisemi kwamba ubaguzi ulikuwa mzuri. Ulikuwa dhambi, na waliouona wangali hai. Ninachosema ni kwamba tulipopata Uhuru tulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kulifungua lango, na hiyo tumeifanya, ingawa ada bado inawazuia wengi. Leo Jeshi la Wananchi lina uwanja wake wa gofu Lugalo, na kina dada kama Angel Eaton na Madina Iddi wameibeba bendera ya Tanzania katika mchezo ambao bibi zao wasingeruhusiwa kuukaribia. Kazi ya pili ilikuwa kurithi utunzaji: kupima, kuandika hati, kuweka mlinzi, kuamka alfajiri. Hiyo tuliidharau, tukidhani ni mambo ya wazungu.

Mtaa wetu hauhitaji mashimo 18. Unahitaji kipande kimoja cha ardhi chenye hati ya mtaa, mawe manne ya mpaka, na kamati inayokutana kweli. Nasikia bado kuna vipande viwili vitatu vilivyobaki kuelekea Butimba na Nyegezi. Juma hili nimekwenda ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza ni vya nani, nikaandika barua, na mzee wangu mvuvi ameweka dole gumba chini ya jina langu. Tulipotoka aliniambia, "Mwalimu, wakikubali, mimi nitaleta ng'ombe wangu wapunguze majani." Nimemwambia ng'ombe wataingia asubuhi, watoto jioni.