Bwaga Moyo: Neno Moja Katika Ziara ya Misheni ya Bagamoyo

Sisi watu wa Chumbageni tumezoea kuyapita majengo ya kale ya Tanga bila kuyauliza neno. Pengine ndiyo sababu nilisafiri hadi mji wa watu kwenda kuuliza. Nilipanda basi la Dar es Salaam alfajiri, nikashuka Msata, nikashika barabara ya Bagamoyo. Na kabla ya adhuhuri nilikuwa chini ya miembe mikongwe ya misheni, nikimfuata kijana aongozaye wageni.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipewa ardhi hapo mwaka 1868, enzi ya Sultani Majid. Padre Antoine Horner na wenzake waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawafunza kusoma, kulima na ufundi. Tufani ya mwaka 1872 iliuvuruga mji na misheni pamoja nao, ujenzi ukaanza tena. Nyumba ya masista, iliyojengwa mwaka 1876, leo ni jumba la makumbusho. Humo ndimo tulimosimama mbele ya minyororo, na kiongozi wetu akatamka sentensi ambayo nadhani huitamka kila siku: kwamba mtumwa, alipoiona bahari, alijua harudi tena kwao, akasema, "Naubwaga moyo wangu hapa." Bibi mmoja mgeni alifuta machozi.

Mimi sikulia. Nilikuwa nimeshikwa na kitenzi.

Wapenzi wa lugha, tulipime neno. Kubwaga ni kutua kwa kishindo kilichokuwa kimebebwa: mpagazi hubwaga mzigo, mwenye mieleka humbwaga mwenzake. Malenga naye hubwaga wimbo, na hapo wimbo ndio kwanza unaanza. Aliyekata tamaa hubwaga manyanga. Lakini moyo? Moyo uliobwagwa ni moyo uliotuliwa, uliopumzishwa baada ya mashaka. Anayevunjika moyo, au anayeuacha moyo wake mahali, tunamsemea kwa vitenzi vingine, navyo si haba. Tena tazama umbo: "bwaga moyo" haina nafsi ya mtu anayelia peke yake. Ni amri, au mwaliko, kwa mwenzio.

Historia ya biashara inaelekea upande huo huo. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya watumwa waliopelekwa Unguja walipitia Kilwa. Bagamoyo, ingawa nayo iliwaona watumwa, iliishi hasa kwa pembe za ndovu, na pembe hizo zililetwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kutoka Unyanyembe na zaidi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi begani. Mtu huyo akiiona bahari, anabwaga. Mzigo kwanza, kisha moyo.

Nilimwambia kiongozi hayo tulipokuwa tukitoka nje. Hakukasirika. Alisema maelezo ya wapagazi anayajua, na wazee wa mji huyasimulia. "Lakini mwalimu," akaniuliza, "na yule aliyebeba pembe hali yeye mwenyewe ni mtumwa?" Nikanyamaza. Swali lake lilikuwa bora kuliko hoja yangu, kwa maana misafara haikuwatenga watu kama kamusi zinavyozitenga maana. Hata hivyo naushikilia uamuzi wangu: jina ni la mapumziko, na huzuni imelijia baadaye.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye mnara wa kanisa la kwanza. Februari 1874 mwili wa David Livingstone uliwekwa hapa kabla ya kuvushwa Unguja, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, London. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi mingi hadi pwani. Jacob Wainwright, aliyesoma shule ya Nasik huko India, ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti wa kaburini. Ndiyo, kaburini: moyo wa marehemu waliutoa na kuuzika palepale, chini ya mti. Kwa hiyo mzigo mashuhuri kuliko yote uliowahi kubwagwa Bagamoyo ulifika hauna moyo. Nashangaa kwamba hakuna malenga aliyenitangulia kulisema hili. Kama yupo, naomba radhi yake.

Kuna na mbuyu. Katika gome lake umezama mnyororo, na wageni wengi, wakitoka jumba la makumbusho, hudhani papo hapo kwamba ni wa watumwa. Kiongozi wetu alisimulia vingine: kwamba Bibi Mfaransa aitwaye Madame Chevalier alimfunga punda wake hapo, mnyororo ukasahauliwa, mti ukanenepa ukaumeza. Alilisimulia bila kutia chumvi, nami nikamheshimu zaidi.

Minyororo ya kweli ilikuwapo, na waliofungwa nayo waliishi mita chache kutoka pale tuliposimama. Baadhi yao, walipokua, waliozwa na kupelekwa bara pamoja na mapadre kuanzisha vijiji vipya, kama Mhonda mwaka 1877. Walikombolewa, lakini pa kuishi walichaguliwa. Kuhusu hao ziara ilikuwa na dakika tano tu. Livingstone, aliyepita hapa akiwa maiti, alipata robo saa.

Kundi jingine lilikuwa linasubiri chini ya miembe. Kijana aliniaga, akaingiza kidole katika tundu ndogo ya gome ili nione pete ya chuma ilipobakia. Ilikuwa imebaki kiasi cha ukucha.