HISTORIA YA MOTO NDANI YA NYUMBA: KUTOKA TEMBE LA IRAMBA HADI MTUNGI WA GESI

(Uzi mrefu, sehemu 8. Weka chai pembeni, msome mtoto akiwa amelala.)

SEHEMU YA 1: Swali lenu



Juni na Julai hapa Kiomboi si mchezo. Upepo ukianza kupiga usiku, kila mtu anatafuta moto. Na kila mwaka msimu huu swali linalojaa kwangu ni moja: "Nesi, mzazi katoka hospitali na kichanga, chumba kina baridi. Nikiingiza jiko la mkaa au la gesi nikafunga dirisha, kuna shida? Nikifungua si baridi inarudi?"

Jibu fupi: jiko la mkaa halilali na mtu chumbani, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Jiko la gesi ni la kupikia, si la kuotea, na linataka hewa inayoingia na kutoka.

Lakini jibu fupi watu hulisahau, historia hawaisahau. Basi leo tuangalie moto uliingiaje ndani ya nyumba zetu, na kwa nini nyumba nzuri ya leo inaweza kuwa hatari kuliko tembe la bibi yako.

SEHEMU YA 2: Tembe

Wanyiramba, Wanyaturu, Wagogo na majirani zetu wengi wa katikati ya nchi walijenga tembe. Kuta za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo, mlango mfupi mpaka uiname, na madirisha hayapo kabisa au ni kitundu tu. Lilifaa kwa upepo, kwa jua, kwa mifugo na kwa wavamizi.

Moto ulikuwa humo humo ndani. Kuni zilitoa moshi, moshi ukapita mlangoni na kwenye mianya kati ya paa na ukuta. Moshi ule ulikuwa na kazi zake: ulifukuza wadudu kwenye nafaka na kukausha miti ya paa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Moshi pia ulikuwa kengele. Ukizidi, macho yanawaka, mtoto anakohoa, mama anatoka nje au anauvuta ukuni mmoja pembeni. Hakuna aliyeweza kufunga kila kitu na kulala na moshi mzito.

Sisemi tembe lilikuwa salama. Moshi wa kuni unaua taratibu: nimonia kwa watoto, mapafu na macho kwa akina mama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 wakiwa watoto chini ya miaka 5. Ila mauti ya usiku mmoja, ile ya watu kulala wazima na kukutwa asubuhi wamekufa, ina mkono wa kitu kingine. Tutakifikia.

SEHEMU YA 3: Bati, matofali na dirisha

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Wazee wetu wanaikumbuka Operesheni Vijiji, wengine kwa uchungu, maana walihamishwa na nyumba zao zikaachwa. Familia nyingi ziliaga tembe wakati huo.

Mwaka huo huo wa 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio na kujadili magonjwa: malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kifua kikuu kinapenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Ndiyo maana tangu zamani watu wa afya tunaimba wimbo mmoja: fungua dirisha.

Nyumba za bati za mwanzo zilikuwa na uwazi kati ya ukuta na bati. Kumbuka zile nyumba za shule za zamani, shomoro wanaingia na kutoka wanavyotaka. Tuliona ni umaskini, kumbe ulikuwa mfumo wa hewa.

Kisha tukaanza kuboresha. Tukaziba juu ya ukuta. Tukaweka dari. Tukaweka madirisha ya vioo na aluminiamu. Chini ya mlango tukasukuma kitambaa ili vumbi na nge wasiingie. Kila hatua ilikuwa ya maendeleo, na kila hatua iliziba tundu moja. Hakuna aliyetwambia kwamba tundu lile lilikuwa na kazi.

SEHEMU YA 4: Mkaa, moto usio na kengele

Wakati tunaziba nyumba, tulibadili na moto. Mkaa ukashika mjini, kisha ukaja mpaka kwetu.

Mkaa ulipendwa kwa sababu moja kubwa: hauna moshi. Ukishakolea unakuwa mwekundu, umetulia, hauwashi macho. Ndiyo maana tunauona umefaa kuingia chumbani kwa mzazi. Tunaukoleza nje, moshi ukiisha tunasema "sasa umekuwa safi", tunauingiza ndani.

Mama, hauwi safi. Kinachotoka ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi. Hutokea pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha, na mkaa unaitoa kwa wingi. Chumba kikifungwa, hewa safi inapungua na sumu inaongezeka.

Ikiingia kwenye mapafu inakimbilia damu. Chembe nyekundu zinaishika zaidi ya mara 200 kuliko zinavyoishika oksijeni. Ni kama daladala ambalo viti vyote vimekaliwa na mizigo: oksijeni ipo kituoni, ila haina pa kukaa.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea, usingizi mzito. Zinafanana na nini? Malaria. Uchovu wa uzazi. Chakula kibaya. Watu wa nyumba moja wakikutwa wamekufa, mtaani utasikia wamelogwa au wamewekewa sumu kwenye chakula. Jiko liko pale pale kona, majivu yake yamepoa, hakuna anayeliuliza.

SEHEMU YA 5: Walioikamata sumu hii

Usidhani ni wajinga wa kwetu tu. Ulaya walikufa hivi hivi kwa karne nyingi. Mwandishi maarufu wa Ufaransa, Émile Zola, alikufa Septemba 1902 nyumbani kwake Paris. Moto wa kupasha chumba uliwashwa, bomba la moshi lilikuwa limeziba, madirisha yamefungwa. Mkewe alinusurika. Mtu mwenye jina na pesa, chumba kizuri, na sumu ile ile.

Mfaransa mwingine, Claude Bernard, ndiye alieleza mwaka 1857 kwamba gesi hii inaisukuma oksijeni itoke kwenye damu.

Kisha akaja Mskoti John Scott Haldane. Mwaka 1895 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alivuta gesi hii, huku akipima damu yake, mpaka akashindwa kusimama vizuri. Mwaka 1896 mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, ulilipuka na watu 57 wakafa. Kila mtu aliamini mlipuko ndio uliowaua. Haldane akachunguza maiti, akakuta wengi waliuawa na kaboni monoksaidi iliyobaki baada ya mlipuko.

Akashauri wachimbaji washuke na mnyama au ndege mdogo. Ndege aitwaye kanari akawa mlinzi wa migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986. Akianguka kwenye tundu lake, wanaume wanakimbia. Sisi wa Iramba tunaielewa migodi, dhahabu ya Sekenke imechimbwa tangu enzi za Mjerumani.

Kwa nini ndege mdogo? Kwa sababu anapumua haraka na mwili wake ni mdogo, sumu inamfika kabla ya mtu mzima. Sasa nikuulize: nyumbani kwako nani anapumua haraka kuliko wote? Mtu mzima anapumua kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kichanga, mara 30 hadi 60. Katika chumba chenye jiko la mkaa, mtoto wako ndiye kanari. Tofauti ni kwamba akilegea, tunasema "amepata joto, amelala vizuri".

Na mjamzito je? Sumu hii inapita kwenye kondo mpaka kwa mtoto, na damu ya mtoto aliye tumboni inaishikilia kwa nguvu kuliko ya mama. Mama anaweza kupata nafuu huku mtoto bado anaumia.

SEHEMU YA 6: Gesi inaingia

Mwaka 1868 huko London, Benjamin Waddy Maughan alitengeneza mashine ya kuchemsha maji ya kuoga kwa gesi. Maji ya moto papo hapo, watu wakashangilia. Kasoro yake: haikuwa na bomba la kutoa hewa chafu nje. Mashine za namna ile ziliingia bafuni, chumba kidogo kuliko vyote, mlango umefungwa. Somo la bomba la kutolea hewa lilikuja baadaye, kwa gharama ya maisha.

Somo la harufu nalo lilikuja kwa msiba. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London, Texas, Marekani, ililipuka. Gesi ilikuwa imevuja chini ya jengo, na gesi haina harufu. Zaidi ya watu 290 walikufa, wengi wao watoto. Texas ikaweka sheria: gesi itiwe harufu. Ile harufu mbaya unayoisikia mtungi unapovuja si ya gesi yenyewe, imewekwa makusudi ili ikuamshe.

Kwetu, Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Hili ni jema, na mimi ni wa kwanza kulishangilia, maana nawaona watoto wa nimonia. Lakini mtungi umefika nyumbani kabla ya maelezo yake.

SEHEMU YA 7: Kwa hiyo tufanyeje

Historia yote hiyo inashuka mpaka hapa:

✅ Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni kama maji. Kwa hiyo jiko lako linataka tundu la hewa chini, karibu na sakafu, na lingine juu kwa ajili ya joto na hewa chafu. Dirisha la juu peke yake halitoshi.

✅ Mwali uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na masufuria yanashika masizi, haliungui vizuri. Zima, lisafishwe na fundi.

✅ Kuangalia kama mpira au regulata inavuja, paka povu la sabuni. Mapovu yakitokea, inavuja. Usitumie kiberiti, jamani.

✅ Ukisikia harufu: funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje. Usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima.

✅ Mashine ya gesi ya maji ya kuoga: ikae nje, au iwe na bomba linalotoka nje ya ukuta, na afunge fundi anayeijua. Mwenye ndugu Nairobi au Arusha anayeitumia, mtumie uzi huu.

✅ Jiko la mkaa, hata lile lililoboreshwa linalokula mkaa kidogo, ni la nje au jikoni penye hewa. Jenereta nalo likae nje, mbali na dirisha.

Na mkiamka kichwa kinawauma nyumba nzima, mkitoka nje mnapata nafuu, msiishie kununua panadol. Toeni watu wote nje, mje hospitali, na MTUAMBIE kulikuwa na jiko ndani. Hii ni muhimu sana, kwa sababu kile kipimo cha kubana kidoleni kinadanganywa na sumu hii: kinaonyesha oksijeni iko vizuri wakati haiko. Kwa hewa ya kawaida sumu inachukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu. Kwa oksijeni ya barakoa ni kama saa moja na nusu au chini yake.

SEHEMU YA 8: Na baridi ya mtoto?

Bibi anayeingiza jiko chumbani hajakosea kuogopa baridi. Baridi inaua vichanga kweli, hasa njiti. Usigombane naye, mpe njia nyingine.

Florence Nightingale, ambaye sisi manesi tunamwita mama wa kazi yetu, aliandika kitabu chake cha uuguzi mwaka 1859. Sura ya kwanza kabisa inahusu hewa na joto, vyote viwili pamoja: mgonjwa apate hewa safi kama ya nje, ila asipigwe na baridi. Hakuchagua kimoja akaacha kingine.

Na mwaka 1978, Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na vichanga wengi kuliko mashine za kuwapashia joto. Akawaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Leo dunia nzima inafanya hivyo, tunaita kangaruu.

Basi mvue mtoto, abaki na nepi, kofia na soksi. Mlaze kifuani pako, kichwa kigeuke upande pua ionekane, mfunike kwa kitenge na blanketi. Ukichoka, baba anaweza, shangazi anaweza, bibi mwenyewe anaweza. Usiku wa baridi kali chemsha maji jikoni, pasha blanketi kwa chupa ya maji ya moto, kisha itoe chupa kabla mtoto hajalala.

Sehemu ijayo tutaongelea kitovu cha mtoto na vitu tunavyokipaka. Huu wa leo mtumie mama mkwe kwa heshima, na ukiwa na mjamzito wa mwezi wa 8 hapo mtaani, mpelekee kabla jiko halijaandaliwa.

Usiku mwema. Dirisha liachie nafasi.