Jina la Baba ya Shosho

Wasee, jaribuni hii kwanza. Taja jina la mama yake babu yako. Usipige simu, usiulize mtu. Taja tu.

Umeshindwa? Karibu. Mimi pia nilishindwa, na nilishindwa siku mbaya.

Shosho alipotuacha, kazi ya kuandika wasifu wake wa mazishi niliachiwa mimi. Kwetu wakishajua wewe ni mtu wa kamera na kompyuta, kila kitu cha kuandikwa ni chako. Unajua vile huwa zinaanza: marehemu alizaliwa mwaka fulani, binti ya marehemu fulani na marehemu fulani. Nikamuuliza matha. Akasema muulize mjomba. Mjomba akasema yeye alisikia tu baba ya Shosho akiitwa Kariokoo, kwa sababu alibeba mizigo kwenye vita ya Mjerumani. Lakini hilo si jina, hiyo ni kazi. Nyumba ilikuwa imejaa watu Shauri Moyo, watoto na wajukuu wa huyo mama, na hakuna hata mmoja aliyejua baba yake aliitwa nani. Tukaruka huo mstari, tukapeleka programu kuchapishwa.

Tangu siku hiyo hiki kitu hakijaniacha. Na ukianza kusoma kuhusu watu kutafuta ukoo wao, utakutana haraka sana na Wamarekani wenye asili ya Ireland. Hao jamaa wamefanya hii kitu kuwa karibu dini. Kati ya 1845 na 1852 viazi viliozea shambani Ireland, watu kama milioni moja wakafa, na wengine zaidi ya milioni wakapanda meli wakahama. Vitukuu wao leo wanarudi na bahasha za karatasi wakiuliza, kijiji chetu ni kipi?

Mmoja wao unamjua. Barack Obama.

Sisi huku tunamjua kwa upande wa Kogelo, lakini mama yake alikuwa na damu ya Ireland. Vizazi vitano nyuma kuna kijana anaitwa Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu wa kijiji kidogo kinaitwa Moneygall, aliyehamia Marekani mwaka wa 1850. Ilijulikanaje? Kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo alipekua vitabu vya zamani vya kanisa, akakuta familia imeandikwa humo. Basi. Kitabu cha ubatizo. Mei 2011 Obama akiwa rais alienda Moneygall, na sasa barabara kuu inayopita karibu ina kituo kikubwa cha mafuta na chakula chenye jina lake. Yote hiyo kwa sababu karani fulani wa kanisa, karne mbili nyuma, hakuwa mvivu.

Sasa linganisha na upande wa Kenya wa huyo huyo mtu. Kwenye kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, ukoo wa Kijaluo hakuutoa kwenye rejista ya kanisa. Alikaa chini Kogelo akasimuliwa na Mama Sarah, mke wa babu yake, jina baada ya jina, nani alimzaa nani. Karatasi ilikuwepo, lakini cheki ilikuwa karatasi gani. Babu yake, Hussein Onyango, alikuwa mpishi kwenye nyumba za wazungu Nairobi. Alichoacha ni kile kijitabu ambacho serikali ya kikoloni ilimlazimisha mtumishi wa nyumbani kubeba, chenye maelezo ya mwili wake na maoni ya mabwana wake kuhusu kazi yake.

Hapo ndipo niliona tofauti. Kearney aliandikwa kama mtoto wa mtu. Onyango aliandikwa kama mfanyakazi wa mtu. Ukoo wake wenyewe uliponea mdomoni mwa mwanamke mmoja.

Na usidhani Ireland kila kitu kilihifadhiwa. Tarehe 30 Juni 1922, wakiwa kwenye vita vyao wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa pale Dublin lililipuka na kuungua. Karatasi za sensa za karne ya 19 zikawa majivu, pamoja na nyaraka nyingine za karne kadhaa. Wameanza upya kwa kukusanya nakala zilizobaki kwingine, ukurasa kwa ukurasa. Kwa hivyo watu wanaweza kupoteza kila kitu na bado wakatafuta.

Sasa turudi mtaani, kwa sababu sisi tunaishi ndani ya hii historia na hatuioni. Kila asubuhi makanga anaita Mbotela, Mbotela, na wewe unapanda. Umewahi kujiuliza Mbotela ni nani?

Ni jina la ukoo wa watu walioletwa kwa nguvu. Wazee wao walitekwa upande wa Ziwa Nyasa wakauzwa utumwani, na wakakombolewa na Waingereza. Makao yao mapya yakawa Freretown, Mombasa, mtaa ambao wamishonari walianzisha 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa. Pale karibu na Nyali kunaitwa Kengeleni mpaka leo kwa sababu ya kengele yao. Mwaka wa 1934, James Mbotela, wa ukoo huo, alichapisha kitabu cha Kiswahili, Uhuru wa Watumwa, akisimulia watu wao walivyotekwa, walivyosafirishwa na walivyoachiliwa. Mtu anaweza kubishana na hicho kitabu. Kinawasifu Waingereza mpaka unachoka. Lakini aliandika, na hakungoja mgeni aje kumwandikia.

Tom Mbotela, wa ukoo huo huo, alikuja kuwa kiongozi wa chama cha KAU hapa Nairobi, akauawa Novemba 1952, mwanzo wa hali ya hatari. Mtaa ukapewa jina lake. Na yule mzee wa redio, Leonard Mambo Mbotela wa "Je, Huu ni Ungwana?", aliyezaliwa Freretown 1940 na kutuacha Februari 2025, naye ni wa ukoo huo. Yaani familia iliyoanza Kenya bila kitu, bila ardhi, bila hata kabila la kuandikia fomu, leo tunaweza kuifuata kutoka Nyasa hadi steji ya matatu. Sisi ambao hatukutekwa na mtu, tunakwama kwa babu wa pili.

Halafu kuna Kariokor. Hapo ndipo kwetu panaingia. Jina ni la Kiingereza kilichopindwa kikawa chetu, lile jeshi la wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Mamia ya maelfu ya Waafrika walichukuliwa kubebea jeshi la Uingereza chakula na risasi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, si kwa risasi. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikubali wazi kwamba zaidi ya watu 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Siku moja ukiwa tao, simama pale Kenyatta Avenue uangalie ile sanamu ya askari na mpagazi. Maandishi yake yanaahidi kwamba hata mtu akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Kisha tafuta jina. Hakuna. Hata moja. Nilisimama hapo nikamfikiria baba ya Shosho, nikaona kwamba ile ahadi ilitupiwa sisi, na sisi ndio tuliivunja.

Mtu ataniambia, hizi ni hadithi za wazee, zitanilipia kodi? Uliza vijana wa Kinubi na Kisomali waliokulia mitaa yetu. Kwa miaka mingi, kuchukua kitambulisho kwao kulimaanisha kuketi mbele ya kamati na kuthibitisha babu alikuwa nani na alitoka wapi, wakati sisi wengine tunapitishwa tu. Kwao jina la babu lilikuwa kazi, shule, laini ya simu. Ukoo unaonekana kitu cha kujifurahisha mpaka siku mtu mwenye muhuri anakuuliza.

Na saa inaenda. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa miaka ya mwisho ya 1930, watu wakahamishiwa Shauri Moyo na Pumwani. Juzi tu nyumba za kaunti za Pangani nazo zikaangushwa kupisha magorofa, na mitaa mingine mizee ya Eastlands iko kwenye foleni. Mimi sipingi nyumba mpya, choo cha kushiriki ploti nzima hakina utamu wowote. Lakini ukuta ukianguka, majirani wanatawanyika, na huku kwetu jirani ndiye maktaba.

Najua kwa sababu ilinitokea. Wiki mbili baada ya mazishi nilirudi Shauri Moyo kuchukua vitu vya Shosho. Mlango wa pili anaishi nyanya mmoja waliyesuka naye vikapu miaka na miaka. Nikamsalimia, akaniuliza mbona kwenye programu hatukuandika baba ya rafiki yake. Nikasema hatukumjua. Akanitazama kama mtu amesikia upuzi, akalitaja. Jina lote, na la baba yake, na kijiji alichotoka kabla ya kuchukuliwa vitani. Shosho alikuwa amemwambia mara nyingi. Sisi ndio hatukuwahi kumuuliza.

Sitaliandika hapa, ni la nyumbani. Lakini nililirekodi kwenye simu, kwa sauti ya huyo nyanya, nikaituma kwa watu wote wa familia. Mjomba alinipigia simu, akakaa kimya kitambo, kisha akaniomba nimtajie tena polepole aandike.

Kwa hivyo wikendi hii usininunulie chai, usinitumie moto na makofi. Enda kwa mzee mmoja wa kwenu au wa ploti yenu. Washa simu. Uliza: baba yako aliitwa nani, mama yake je, walitoka wapi, walikuja Nairobi na nani? Usimkatize. Kisha hiyo rekodi itume kwa watu wasiopungua watatu, kwa sababu simu zetu zinaibiwa.

Sisi tulichapisha programu mia mbili, na zote zina huo mstari uliorukwa.