Soseji ya Wapoland na Chungu cha Getanuwas

Katika kitabu hiki cha Jubilei wenzetu wameandika habari za makanisa, za shule na za mapadre wa kwanza. Sisi tumechagua kuandika habari za chakula. Huenda wengine watacheka wakisema, Mwalimu wa dini ana shauri gani na matumbo ya mnyama? Twawaomba wavumilie kidogo, kwa maana habari hii ina watu ndani yake, tena wengi wao Wakristo wenzetu waliokaa katika nchi hii miaka kadhaa, na wengi wetu hapa Getanuwas hatujapata kusikia habari zao.

Ukitoka kwetu ukafika Katesh, ukapita Babati na mji wa Arusha, kisha ukaendelea kidogo katika njia ya Moshi, utafika Tengeru, chini ya mlima Meru. Hapo, karibu na ziwa Duluti, katika eneo la chuo cha mifugo, pana makaburi 149. Tulipofika hapo pamoja na walimu wenzetu tulisimama mbele ya kaburi moja, tukajaribu kulitamka jina lililoandikwa, tukashindwa, tukajaribu tena. Wamelala hapo watu wa Poland, wakubwa kwa wadogo, wengi wao Wakatoliki, na pamoja nao Waorthodoksi na Wayahudi.

Walifikaje huku? Mwezi wa Septemba mwaka 1939 nchi yao ilivamiwa na Wajerumani upande wa magharibi, na baada ya siku 16 Warusi wakaingia upande wa mashariki. Tangu Februari 1940 hata Juni 1941 jamaa nyingi za upande ule wa mashariki zilitolewa nyumbani mwao, zikatiwa ndani ya magari ya moshi ya kuchukulia mizigo, zikapelekwa Siberia na Kazakhstan kufanya kazi ngumu katika baridi na njaa. Wengi walikufa huko. Hata Hitler alipowageukia Warusi, ndipo mapatano yalipofanywa tarehe 30 Julai 1941, nao wafungwa wakafunguliwa. Mwaka 1942 jeshi la Jemadari Anders likavuka bahari ya Kaspi kwenda Uajemi, na nyuma yake wakafuata wanawake, wazee na yatima. Serikali ya Waingereza ikawatafutia mahali katika makoloni yake, na kadiri ya watu 18,000 wakaletwa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Katika Tanganyika walikaa Kidugala, Ifunda, Morogoro, na Kondoa pia, ambayo si mbali sana na mlima wetu Hanang. Lakini kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, iliyokuwa na watu karibu 5,000.

Walikaa katika nyumba ndogo za mviringo zenye kuta nyeupe na paa za majani. Wengi walikuwa wanawake na watoto, kwa kuwa wanaume ama walikuwa vitani ama wamekufa. Walikuwa na kanisa, shule, hospitali na shamba. Vita vilipokwisha wengi hawakuweza kurudi, maana nchi ya makwao ilikuwa imetwaliwa na Warusi. Basi mwisho wa miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 wakatawanyika kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Wachache tu wakabaki hapa mpaka kufa kwao.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Watu hawa walipotolewa majumbani walipewa muda mchache sana wa kufunga mizigo, na kidogo walichochukua waliuza njiani wapate mkate. Ila ujuzi wa mikono hauuzwi wala hauporwi. Mwanamke aliyejua kuoka mkate wa kwao alifika Afrika akiwa anajua bado. Na katika mambo ambayo kila mama wa shambani kule Poland aliyajua, moja ni kutengeneza soseji, ambayo wao huiita kiełbasa.

Desturi yao ilikuwa hivi. Baridi ilipoanza walichinja nguruwe, na jirani walikuja kusaidia. Hakuna kilichotupwa. Nyama nzuri ilitiwa chumvi. Vipande vidogo vilikatwakatwa na kushindiliwa ndani ya utumbo uliosafishwa. Na damu nayo ilichanganywa na nafaka, ikatiwa katika utumbo mwingine. (Ndugu zetu Wakikuyu wa Kenya wana chakula kinachofanana na hicho, jina lake mutura, basi asiseme mtu kwamba utumbo uliojazwa ni jambo la Wazungu peke yao.) Soseji nyingi zilitundikwa katika moshi wa miti ya matunda au miti mingine migumu zipate kudumu. Nyingine, nyembamba kama kidole, hutiwa katika utumbo wa kondoo, nazo huitwa kabanosy. Na ipo nyingine isiyopata moshi kabisa. Hiyo huitwa soseji nyeupe, nayo ndiyo ya Pasaka.

Jumamosi Kuu Mpoland huchukua kikapu kanisani kibarikiwe. Ndani yake mna mkate, mayai, chumvi na kipande cha soseji. Katika zamani za mababu zao Kwaresima ilifungwa kwa ukali sana, nyama haikuonekana mezani hata siku moja, na kwa hiyo soseji ile ya asubuhi ya Pasaka ilikuwa nyama ya kwanza baada ya majuma mengi. Huliwa pengine ndani ya supu chachu, ambayo unga wake umechachushwa siku kadhaa, karibu kama sisi tuchachushavyo uji.

Sisi tulitaka kuijua soseji hiyo kwa mikono, si kwa kusoma tu. Lakini wazee wetu wa Kibarabaigi mali yao ni ng'ombe, mbuzi na kondoo, na wapo katika nyumba zetu wasiokubali nguruwe aguse chungu chao. Basi tulichinja kondoo. Mpoland wa kale angetikisa kichwa, maana soseji yake nyeupe ni ya nguruwe, lakini njia ya kuifanya ni ile ile.

Huchukuliwa kilo moja ya nyama, katika sehemu kumi saba ziwe mnofu na tatu mafuta, maana soseji isiyo na mafuta huwa kavu kama kamba. Hukatwa kwa kisu kikali vipande vidogo sana, au husagwa. Hutiwa chumvi vijiko vitatu vya chai, visijazwe kupita kingo. Punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa. Nusu kijiko cha pilipili manga. Na kijiko kimoja cha jani kavu liitwalo majoramu, ambalo ndilo linaloipa soseji hiyo harufu yake. Tena maji baridi, theluthi ya kikombe. Kisha nyama hukandwa kwa nguvu mpaka inate mkononi. Hapa wengi huchoka mapema, na kwa hiyo soseji yao hupasuka na kumeguka.

Utumbo mwembamba huoshwa nje na ndani, hugeuzwa, hukwaruzwa kwa ubapa wa kisu mpaka ubaki ule wavu mweupe tu, halafu hulowekwa katika maji yenye chumvi. Kazi hii iliwashinda vijana wetu kwa harufu, ikabaki kwa akina mama, nao hawakuacha kutukumbusha. Tulikuwa hatuna faneli, basi tukakata shingo ya chupa ya plastiki, tukavuta utumbo juu yake, tukasukuma nyama kwa kidole gumba. Usijaze mpaka ukakaza. Kila urefu wa shubiri husokotwa, na palipo na hewa huchomwa kwa sindano.

Soseji za kwanza ziliharibika. Tuliziweka katika maji yanayotokota kwa nguvu, kama tupikavyo maharage, zikapasuka zote, tukapata mchuzi wenye vitambaa. Mara ya pili tulivuta kuni nyuma, maji yakawa ya moto sana bila kububujika, tukaziacha nusu saa na zaidi, tukakata moja katikati kuona kama ina wekundu. Haikuwa nao. Kisha tukazipitisha kidogo juu ya makaa ngozi yake ipate rangi. Tulikula siku ile ile, wala hatukujaribu kuzitundika katika moshi siku nyingi, kwa kuwa wanaofanya hivyo huko Ulaya hutumia chumvi ya namna ya pekee ya kuzuia sumu ya nyama, na kipimo chake kikikosewa chenyewe ni sumu.

Kuhusu nguruwe hatuwezi kunyamaza, maana siku hizi wamekuwa wengi katika wilaya zetu, na wauzao nyama yake wako kila njia panda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba katika vijiji vya Wilaya ya Mbulu nguruwe 17 hivi katika kila 100 walikuwa na vifuko vya tegu mwilini. Vifuko hivyo ni vidogo, vyeupe, vyenye maji ndani, kadiri ya punje ya mchele au kunde. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu humea ndani ya matumbo yake, naye huenda asijue. Akienda haja porini hutoa mayai yake pamoja na kinyesi. Nguruwe anayezurura huyala. Na mtu mwingine, hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote, huyameza kwa mkono usionawiwa au kwa mboga isiyooshwa. Ndipo vifuko humea katika mwili wake, na vikifika kwenye ubongo huleta kifafa. Katika Hospitali ya Haydom wagonjwa wa kifafa walipopigwa picha za ubongo, baadhi yao walikutwa na alama za tegu huyo. Ni wangapi katika vijiji vyetu waliofichwa ndani miaka, wakisemwa wamerogwa!

Kwa hiyo apendaye kufanya soseji ya Kipoland kwa nyama yake ya asili, na anunue kwa mchinjaji ambaye nyama yake imekaguliwa na bwana mifugo, na aipike mpaka katikati. Moshi peke yake hautoshi. Hata huko Poland nyama ya nguruwe hukaguliwa, wala hawaoni haya kwa hilo. Nguruwe afungiwe bandani, na choo kichimbwe kabla ya banda.

Siku ile tulipokula soseji za kondoo, bibi mmoja mzee wa nyumba jirani alikaa nasi. Tulimweleza habari za Tengeru, na za akina mama wale waliofika bila waume. Akakitafuna kipande chake polepole kwa kuwa meno yamebaki machache, akauliza, "Mwalimu, na watoto wao walipata maziwa?" Tukamjibu kwamba shamba lilikuwapo. Akasema chumvi imezidi, akaomba kingine.