Mitara na Mlango wa Ubatizo: Sheria na Imani kati ya Lambeth 1888 na Lambeth 1988

Imezoeleka kudaiwa kwamba mwaka 1988 maaskofu wa Kianglikana katika Mkutano wa Lambeth waliilegeza sheria ya ndoa ili kuziridhisha desturi za Kiafrika. Azimio la 26 la mkutano huo, lililowasilishwa na Askofu David Gitari wa Kenya, liliruhusu mwanamume mwenye wake wengi abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, bila kulazimishwa kumwacha mke hata mmoja. Makala haya yanapinga dai hilo. Azimio la 1988 liliirudisha sheria mahali pake, yaani nyuma ya imani. Kosa lilifanyika mwaka 1888, mkutano kama huo ulipowanyima ubatizo wanaume wenye mitara, yaani wenye wake wengi.

Dai langu linasimama juu ya fundisho la Paulo kuhusu imani na sheria. Kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani, ubishi umepungua sana: Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kuhusu suala hilo huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Kinachobishaniwa ni maana ya “matendo ya sheria” ambayo Paulo anayakataa katika Wagalatia. Luther aliona humo kila juhudi ya mtu ya kujipatia haki mbele za Mungu. James Dunn (1983), akijenga juu ya kazi ya E. P. Sanders (1977), aliona hasa alama za utambulisho wa Kiyahudi: tohara, sabato, vyakula. Wanaotetea msimamo wa 1888 wanaweza kuegemea hapo na kusema kuwa tohara ni alama ya taifa, ilhali ndoa ya mke mmoja ni suala la maadili. Hoja hiyo inakwepa kiini cha jambo. Paulo anauliza pia amri inasimama wapi. Katika Warumi 4 anajenga hoja yake juu ya mfuatano wa matukio: Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15, akatahiriwa katika Mwanzo 17. Imani ilitangulia, amri ikafuata.

Sasa tulisome Azimio la 5 la 1888. Sehemu yake ya kwanza, iliyopita kwa kura 83 dhidi ya 21, iliwanyima ubatizo wanaume wenye mitara. Walitakiwa wabaki wakatekumeni, yaani wanafunzi wa ubatizo, hadi watakapoweza kuipokea sheria ya Kristo. Sehemu ya pili, iliyopita kwa kura 54 dhidi ya 34, ilikubali kwamba wake zao wangeweza kubatizwa katika hali fulani, kwa uamuzi wa viongozi wa kanisa wa mahali.

Tuichukue nyumba moja. Mume na mke wa pili wameisikia Injili pamoja, wamejifunza katekisimu pamoja, wanakiri imani ileile. Mke anaweza kubatizwa. Mume anakaa nje miaka nenda miaka rudi. Ndoa ni hiyohiyo moja. Kama mitara yenyewe ingeizuia imani iokoayo, ingemzuia na mke. Kwa kumfungulia mke, maaskofu walikubali, pasipo kutamka, kwamba aliye ndani ya mitara aweza kuwa na imani inayotosha kwa ubatizo. Alichobakiza mume ni tendo: aachane na wake kwanza, ndipo apokelewe. Wagalatia nao waliambiwa watahiriwe kwanza.

Tena tendo lenyewe ni zito. Mke anayerudishwa kwao huacha watoto, ambao kwa mila nyingi ni wa ukoo wa baba. Huacha shamba alilolima. Na mahari yake huenda kaka yake alishaolea. Kutoka 21:10 inamkataza mume aliyeongeza mke kumpunguzia wa kwanza chakula, mavazi na haki ya ndoa. Katika Marko 10 Kristo anaikataa talaka. Askofu John Colenso wa Natal alipinga talaka hizi za lazima tangu 1855, na mwaka 1861 akachapisha ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi. Sioni kuwa ni sadfa: ni waraka uleule wenye hoja ya Ibrahimu. Hata Kanuni ya 1148 ya Wakatoliki (1983), inayomtaka mwongofu abaki na mke mmoja, inamwagiza askofu ahakikishe walioachwa wanatunzwa. Hilo ni kukiri kwamba kuna watu wanaoumizwa.

Wapinzani watataja Matendo 15, ambapo baraza la Yerusalemu liliwakataza watu wa mataifa uasherati. Ni kweli, lakini waraka ule uliandikiwa ndugu waliokwisha kuamini. Kabla yake, Kornelio, mtu wa mataifa, na jamaa zake walishukiwa na Roho hata maji hayajawagusa, na Petro hakuona wa kuwazuia. Ahadi inayodaiwa na azimio la 1988, kwamba mume hataoa tena maadamu wake alionao wako hai, inatazama mbele kama viapo vingine vya ubatizo. Linalonitatiza ni sharti kwamba jumuiya ya mahali iridhie: imani ya mtu haipaswi kungoja kibali cha jirani.

Ndoa ya mke mmoja ni fundisho la Kanisa, na lifundishwe kwa bidii kwa waliobatizwa. Lakini kila sharti linalotangulia ubatizo lipimwe kwa kipimo hiki: je, linaitanguliza sheria mbele ya imani? Parokia inayomnyima mtoto mchanga ubatizo kwa kuwa mama yake hakufunga ndoa inarudia kosa la 1888, na kwa mtu asiye na ndoa yoyote ya kuvunja.