Maonyesho ya mkongwe wa vita yako hapa barabarani

Wasee wa Mtwapa, mmeona vile huko majuu wanajeshi wastaafu hufanya maonyesho ya sanaa? Chumba cha kukodi, siku mbili tatu, picha ukutani, kisha wanafunga na kuhama. Chicago hata kuna jumba zima la sanaa hiyo, na mwanzo wake ni kundi la askari waliotoka vita vya Vietnam, mwaka 1981. Watu huuliza, sisi tutaanza lini?

Mimi nasema tulianza zamani, ni vile tu hatukuandika majina.

Chuo niliacha njiani, kwa hivyo hii siyo lekcha. Ni stori ya Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka 1914, Waingereza walichukua vijana kwa maelfu wakapigane na Mjerumani Tanganyika. Wengi hawakupewa bunduki. Walipewa mizigo kichwani, na kikosi chao kikaitwa Carrier Corps. Ndio asili ya Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwao nyumbani.

Huku Kilifi tunajua hiyo presha. Wagiriama walipotakiwa kutoa vijana wa kazi, walikataa. Mekatilili wa Menza alishawaapisha watu, na 1914 kukawa vita.

Mutisya yeye alienda. Huko Tanganyika akaona wachongaji wakitoa watu na wanyama kwenye gogo. Aliporudi Wamunyu, hakuishia kwa vigoda na miiko. Alichonga sanamu za kuuza, akafundisha wenzake, nao wakafundisha watoto. Kazi ikateremka mpaka Pwani kufuata watalii. Mwaka 1963 wachongaji wa Changamwe walianzisha chama chao cha ushirika. Malindi pia kuna chao.

Kwa hivyo yule twiga wa mbao unayempita barabarani kila siku bila kumwangalia, ukoo wake unaanzia kwa mtu aliyerudi kutoka vitani.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini huyo mzee hakupiga risasi hata moja!" Sawa. Basi nani mkongwe wa vita? Mwenye bunduki tu? Aliyebeba risasi za mwenye bunduki akiwa na njaa, yeye ni nani? Pale barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, kuna sanamu za askari zilizowekwa na mkoloni. Hizo ni vile mkoloni alitaka wakumbukwe. Zile za mbao ni vile mmoja wao aliamua kuishi baada ya vita, na zimelisha familia miaka mia moja.

Kinachoniuma ni kwamba mtalii hununua, anaenda nayo Ujerumani, na haina jina la aliyeichonga. Ushahidi umepanda ndege.

Kwa hivyo, wadau, hatuhitaji pesa za wafadhili kuanza. Tukodi hema wikendi moja, tuite wachongaji, na kila kazi iwekwe karatasi: nani ameichonga, nani alimfundisha, na huyo alifundishwa na nani. Ukifuata hizo karatasi nyuma, kuna zitakazokufikisha Wamunyu, halafu vitani.

Kama babu yako alibeba mzigo au bunduki, muulize leo. Kama hayuko, muulize aliyemsikia. Halafu njoo na hilo jina.